Mamografia ya pande tatu: majibu kwa barua zenu

Tangu tukigusie kipimo cha saratani ya matiti kinachotangazwa kwa jina la 3D, barua zimekuwa nyingi kuliko nafasi. Zile zinazouliza jambo moja tumeziunganisha, na majina ya walioandika tumeyaacha.

Hospitali moja hapa Dar es Salaam imenitajia bei mbili: mamografia ya kawaida, na ya 3D ambayo ni ghali zaidi. Nina miaka 46, sina uvimbe wala maumivu. Hiyo 3D inaona nini ambacho nyingine haioni, au ni biashara tu? — Msomaji, Sinza

Kuna faida ya kweli, dada, ila ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema.

Mamografia ya kawaida hubana titi na kulipiga eksirei mara mbili: mara moja kutoka juu, mara ya pili kwa mshazari kutoka ubavuni. Titi lililobanwa hadi sentimita 5 linalazwa lote kwenye picha moja bapa, kila kilicho juu kikiangukia kilicho chini. Hapo huzaliwa makosa ya aina mbili. Uvimbe mdogo hujificha nyuma ya nyama ya tezi, ukapita bila kuonekana. Au nyuzi mbili zisizohusiana hukatizana na kutengeneza kivuli cha uvimbe ambao haupo, mama wa watu akaitwa arudi na kukosa usingizi wiki nzima.

Katika mashine ya 3D, ambayo kitaalamu huitwa tomosinthesisi, kichwa cha mashine hupita juu ya titi kwa upinde mfupi huku kikipiga picha nyingi hafifu. Ukiwa ndani ya basi, minazi ya kando ya barabara hupita mbio, ilhali mlima wa mbali ni kama umesimama. Kompyuta hufanya hesabu ya namna hiyo. Kitu kilicho juu, mbali na kipokezi cha mionzi, husogea sana kati ya picha moja na nyingine. Kilicho chini, karibu na kipokezi, husogea kidogo. Kwa tofauti hizo kompyuta hujua kila kitu kiko kina gani, kisha hutengeneza tabaka zinazopishana kwa milimita 1. Titi la sentimita 5 hutoa tabaka 50 hivi, na daktari wa radiolojia huzipekua moja baada ya nyingine. Nyuzi zilizokatizana huachana, kila moja ikabaki kwenye tabaka lake. Uvimbe wenye miiba, au nyuzi zilizovutwa kuelekea sehemu moja kama kitambaa kilichoshonwa vibaya, hujitokeza.

Mashine zenyewe hazifanani. Za kampuni ya Hologic, zilizotangulia kuruhusiwa Marekani mwezi Februari 2011, hupita upinde wa digrii 15 na kupiga picha 15 kwa sekunde 4 hivi. Za Siemens hupita digrii 50 na picha 25. Za GE, digrii 25 na picha 9. Upinde mpana hutenganisha tabaka vizuri zaidi, lakini huchukua muda mrefu, na muda ukirefuka mtu hutikisika. Jina “pande tatu” lenyewe lina ukarimu ndani yake: mashine haizunguki mwili mzima kama CT, kwa hiyo ukali wa picha kwa upande wa kina ni hafifu kuliko kwa upana.

Tuje kwenye matokeo. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2014, wenye vipimo 454,850, ulilinganisha kipindi kabla na baada ya kuongeza 3D. Saratani zilizogunduliwa zilipanda kutoka 4.2 hadi 5.4 kwa kila vipimo 1,000, na walioitwa warudi walishuka kutoka 107 hadi 91. Lakini Bergen, Norway, wanawake walipogawanywa kwa kura na matokeo kutangazwa mwaka 2019, makundi mawili yalikaribia kulingana: 6.6 kwa 1,000 waliopigwa 3D dhidi ya 6.1. Kwamba 3D inapunguza vifo kuliko picha ya kawaida ya kidijitali, hilo bado halijathibitishwa.

Kwa hiyo, ukiwa na uwezo, chukua ya 3D. Lakini kama bei hiyo itakufanya usirudi baada ya miaka miwili, chukua ya kawaida na urudi. Picha ya leo hupata thamani kubwa inapolinganishwa na ya zamani, kwani saratani nyingi ndogo hutambulika kwa kuwa jambo fulani halikuwepo mara iliyopita.

Kabla ya kulipa, piga simu uulize mambo matatu. Matiti yote mawili yanapigwa 3D kwa pande zote mbili, juu na mshazari, au ni upande mmoja tu? Anayesoma ni daktari wa radiolojia anayesoma picha za matiti mara kwa mara, au ni yeyote aliye zamu? Na wakiona jambo, ultrasaundi na kuchukua kinyama cha kupimwa maabara vinafanyika hapohapo au utatumwa kwingine? Jibu la swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Assalaam aleikum. Nimeandikiwa kipimo hiki na shangazi yangu ananitisha kwamba titi linabanwa hadi machozi yatoke. Nijitayarishe vipi? — Mama wa watoto wanne, Mombasa

Waaleikum salaam. Kubanwa kupo, na kwa baadhi ya wanawake kunauma, ila ni kwa sekunde chache. Shangazi huenda alipimwa siku mbaya ya mwezi. Ukiwa bado unapata hedhi, omba tarehe iangukie siku chache baada ya hedhi kuanza, au wiki inayoifuata. Siku za kuikaribia, matiti hujaa na kuuma hata bila kuguswa.

Asubuhi hiyo oga kawaida, lakini usipake kizuia jasho, poda, losheni wala mafuta kifuani na kwapani. Vizuia jasho vingi vina chembe za alumini, na kwenye picha huonekana kama chembe za chokaa, ambazo ni moja ya dalili tunazozitafuta. Ukisahau, vipo vitambaa vya kufutia. Sema tu mapema. Vaa nguo za vipande viwili, blauzi na sketi au suruali, maana utavua juu tu. Ukivaa buibui, uliza siku ya kuweka miadi kama mpigapicha ni mwanamke. Vituo vingi humpanga mwanamke. Beba picha za zamani zenyewe, si ripoti peke yake.

Chumbani utaulizwa: una mimba? unanyonyesha? umewahi kupasuliwa titi? kuna sehemu umeigusa ukaona tofauti? Usimfiche jibu la swali la mwisho, maana atabandika alama ndogo juu ya ngozi ili daktari ajue pa kuangalia. Anayenyonyesha anyonyeshe au akamue muda mfupi kabla ya kupigwa.

Kisha utasimama. Mpigapicha ataliinua titi, aliweke juu ya kipokezi na kulivuta mbele, halafu kibao cha plastiki kitashuka taratibu. Kubana kuna sababu nne: kunapunguza mionzi inayohitajika, kunatawanya nyama zilizorundikana, kunazuia kutikisika, na kunalifanya titi liwe na unene mmoja. Ukiona umefika mwisho wa uvumilivu, sema. Anaweza kulegeza kidogo na bado picha ikawa nzuri. Mashine ikianza kupita utaambiwa usimamishe pumzi. Simamisha papo hapo ulipo, usivute pumzi ndefu kwanza, kwa sababu pumzi ndefu hulivuta titi litoke mahali pake. Kwa 3D utakaa umebanwa kati ya sekunde 4 na 25 kutegemea mashine. Hilo hurudiwa mara nne, na ukihesabu kuvua na kuvaa, dakika 20 hivi zinatosha.

Wenye matiti ya kupandikizwa waseme wakati wa kuweka miadi. Wanahitaji picha za ziada ambamo kipandikizi husukumwa nyuma na nyama ya titi kuvutwa mbele.

Mke wangu ana miaka 44. Je, picha hizo nyingi si mionzi mingi? Tusije tukatafuta saratani tukaileta. — Mume mwenye wasiwasi, Zanzibar

Bwana, picha ni nyingi lakini kila moja ni hafifu. Mionzi inayotosha picha moja ya kawaida hugawanywa kwa zile 9, 15 au 25. Upande mmoja wa 3D hulipa titi la wastani miligrei 1 hadi 2 (miligrei hupima mionzi inayobaki ndani ya nyama), na sheria ya Marekani huweka kikomo cha miligrei 3 kwa picha moja ya titi la kipimo cha wastani.

Mamografia kamili ya matiti mawili hulingana na milisiveti 0.4 hivi, kizio kinachopima athari ya mionzi kwa mwili mzima. Binadamu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka kwenye udongo, mawe, chakula na anga. Kwa hiyo mkeo atapokea kwa mara moja kile ambacho angekipokea kwa miezi miwili akiwa nyumbani kwake.

Ila kuna jambo la kuuliza. Vituo vingine hupiga 3D halafu vinapiga na picha ya kawaida, zote mbili, na hapo dozi hukaribia mara mbili. Tangu 2013 zipo programu zilizoruhusiwa zinazotengeneza picha bapa kutokana na tabaka zilezile za 3D bila kumpiga mtu tena. Waulizeni: “Picha bapa mnaitengeneza kwa kompyuta, au mnapiga upya?” Hata ikiwa mara mbili, kwa mwanamke wa miaka 44 hatari ni ndogo mno. Lakini mionzi isiyo na kazi haina sababu ya kupokelewa.

Niko Minneapolis. Nimepata barua kwamba picha haina tatizo lakini matiti yangu ni “mazito”. Nimejigusa, mbona ni laini tu? — Dada wa ughaibuni

Uzito huo haugusiki kwa mkono. Unaonekana kwenye eksirei peke yake. Mafuta hupitisha mionzi na kuonekana meusi. Tezi na nyuzi huizuia, zikaonekana nyeupe. Titi lenye nyeupe nyingi ndilo linaloitwa zito. Tatizo ni kwamba saratani nayo ni nyeupe, na kutafuta nyeupe ndani ya nyeupe ni kumtafuta kondoo katikati ya kundi la kondoo.

Barua umeipata kwa sababu tangu tarehe 10 Septemba 2024 kila kituo cha mamografia Marekani kinatakiwa na sheria kumwambia mwanamke kama matiti yake ni mazito au la. Si ugonjwa. Takriban nusu ya wanawake wa huko wenye miaka 40 na zaidi wamo kundi hilo. Uzito huongeza hatari ya saratani kwa kiasi, na huongeza uwezekano wa picha kuukosa uvimbe.

Soma ripoti yenyewe utafute daraja la uzito, kwani yako manne, kuanzia a, jepesi kabisa, hadi d, zito kabisa. Daraja c ndipo 3D inapoonyesha kazi yake, kwa kuwa bado kuna mafuta kati ya tezi ya kutenganisha tabaka. Daraja d, titi karibu lote ni tezi, na hata ukilikata tabaka 50 kila tabaka ni jeupe. Huko msaada wa 3D hupungua. Uholanzi walijaribu kuwaongezea MRI, picha inayopigwa kwa sumaku bila eksirei, wanawake wenye matiti mazito kabisa, na saratani zilizojitokeza katikati ya vipimo zilipungua kutoka 5.0 hadi 2.5 kwa kila wanawake 1,000 walioalikwa. Kama uko d, au mama ama dada yako aliugua, peleka hoja hiyo kwa daktari wako na uulize kuhusu MRI au ultrasaundi ya ziada. Kabla ya hapo iulize bima kama italipa. Bili ya MRI ya huko huweza kukuumiza kuliko kibao cha mashine.

Mama amepewa ripoti iliyoandikwa BI-RADS 0 na kuitwa arudi. Haleli. Sifuri maana yake nini? — Binti yake, Bukoba

BI-RADS ni namba ambazo daktari wa radiolojia hufupishia alichokiona kwenye picha ya titi. Sifuri maana yake “bado hatujamaliza kuangalia”. Mwambie leo hii. Huitwa kwa picha ya ziada ya sehemu moja, au ultrasaundi, au kwa sababu wanasubiri picha zake za zamani walinganishe. Marekani, kati ya wanawake 1,000 wanaopimwa bila dalili, kama 100 huitwa warudi, na wanaokutwa na saratani ni 5 hivi.

Namba nyingine, kwa kuwa wengi mmeuliza: 1 hakuna kitu. 2 kuna kitu kisicho na madhara, mfano kifuko cha maji. 3 kuna kitu ambacho uwezekano wake wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2, kwa hiyo hufuatiliwa baada ya miezi 6. Namba 3 ndiyo inayopotea zaidi mikononi mwa watu: mtu husikia “huenda si kitu”, na miezi sita ikageuka miaka mitatu. 4 kichukuliwe kinyama. Upana wake ni mkubwa, asilimia 2 hadi 95, ndiyo maana hugawanywa A, B na C. 5 ni asilimia 95 na zaidi. 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa.

Jambo likionekana kwenye tabaka za 3D tu, bila kuonekana kwenye picha bapa wala ultrasaundi, kinyama chake kichukuliwe kwa sindano inayoongozwa na 3D. Ulizeni mapema kama kituo kina kifaa hicho. Kuchoma sindano kwa kukisia ni kazi bure, na jibu la “hakuna saratani” litakalotoka halitakuwa na maana.

Mimi ni radiografa. Tumeletewa mashine ya 3D mwaka huu. Tunapata picha zenye ukungu, mistari ya vidoto, na hospitali tunazozipelekea CD za picha zinasema hazifunguki. — Msomaji, Mwanza

Tuanze na ukungu. Usiutafute kwenye tabaka zilizotengenezwa. Fungua picha ghafi za upinde na uzichezeshe kama filamu. Chagua alama moja kali, chembe ya chokaa au ukingo wa msuli wa kifua. Titi lililotulia, alama husogea mstari mmoja kwa hatua sawa. Lililotikisika, alama huruka au hucheza pembeni. Sababu mara nyingi ni kubana hafifu, mguu uliokaa vibaya, au ile amri ya “vuta pumzi” iliyotoka kwenye eksirei ya kifua. Rudia upande ulioharibika peke yake.

Mistari ya vidoto husababishwa na chuma: klipu iliyoachwa pale kinyama kilipochukuliwa, waya, au alama ya ngozi iliyotengenezwa kwa mamografia ya zamani. Kila picha ya upinde huacha kivuli chake kwenye tabaka ambalo kitu hicho hakimo. Utavitambua kwa kuwa vimepangwa kwa nafasi sawa kufuata mwendo wa kichwa cha mashine, na hesabu yake hukaribia idadi ya picha za upinde. Agizeni alama za ngozi zinazopitisha mionzi kwa kiasi, zilizotengenezewa 3D. Kuna na jambo linalowashangaza wageni wa mashine hizi: kichwa kinapoinama, kidevu, hereni, rasta au bega ambalo halikuwemo kwenye picha ya wima huingia kwenye picha za pembeni. Tumieni kinga ya uso, na nywele zifungwe nyuma.

Mkao bado ni uleule wa zamani, na 3D haisamehi mkao mbaya. Kwenye mshazari msuli wa kifua ushuke hadi usawa wa chuchu, na mkunjo wa chini ya titi uonekane wazi. Urefu kutoka chuchu hadi nyuma, kwenye picha ya juu na ya mshazari, usitofautiane zaidi ya sentimita 1. Ukizidi, kuna nyama iliyobaki nje.

Kuhusu chembe za chokaa: kundi moja huweza kutawanyika katika tabaka kadhaa, na daktari anayepekua haraka akaona chembe mojamoja zisizo na maana. Asome na tabaka nene zilizounganishwa. Picha bapa ya kompyuta nayo wakati mwingine huzua chembe zisizokuwepo. Penye shaka, picha ya kukuza ya kawaida bado ndiyo mwamuzi.

CD sasa. Diski hubeba megabaiti 700; mgonjwa mmoja wa 3D huweza kupita gigabaiti 1. Programu ikijaza nusu ya picha haisemi kitu. Tumieni DVD au flashi. Kisha angalieni mpangilio wa kutuma: mashine zilizotangulia zilihifadhi tabaka kwa umbo la kampuni, na kompyuta ya kampuni nyingine hailitambui. Chagueni umbo la kawaida la DICOM, lugha ya pamoja ya picha za hospitali, kwa ajili ya tomosinthesisi. Kabla mgonjwa hajaondoka, ifungueni diski kwenye kompyuta nyingine yoyote.

Na la mwisho, ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka. Kama kipokezi chenu ni cha seleniamu, joto ni adui yake. Kiyoyozi hakizimwi usiku wala wikiendi ili kuokoa umeme. Seleniamu ikipata joto hubadilika umbo lake la ndani na kuacha madoa yasiyofutika, na kipokezi ni kati ya vipuri vya bei kubwa kabisa vya mashine. Weka kipimajoto chenye kumbukumbu chumbani, kisomwe kila asubuhi na kulinganishwa na kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Umeme ukikatika, kiyoyozi kiwe kwenye orodha ya jenereta.

Mafunzo pia: Marekani hawamruhusu radiografa, daktari wala mwanafizikia kugusa 3D bila saa 8 za mafunzo ya ziada ya aina hiyo ya mashine. Daieni zenu kabla aliyewauzia hajapanda ndege.

Nina miaka 27, nimegusa uvimbe unaoteleza. Nipige 3D? — Msomaji, Goma

Hapana, mdogo wetu, anza na ultrasaundi. Chini ya miaka 30 tezi ni nyingi, eksirei huona kidogo, na uvimbe unaoteleza katika umri wako mara nyingi ni fibroadenoma, ambayo si saratani. Lakini nenda. Ultrasaundi ikiacha shaka, kinyama kichukuliwe kwa sindano nene.

Na hili ni kwa umri wote: uvimbe unaogusika haufutwi na picha safi. Ripoti ikisema hakuna kitu na mkono wako unasema kipo, mkono ndio ufuatwe hadi ultrasaundi na sindano zitoe jibu. Anayenyonyesha na kuambiwa ni jipu, likikataa kupungua baada ya wiki mbili za dawa, asiongezewe dozi nyingine bila kupigwa ultrasaundi.

Kuna kliniki inapima kwa kamera ya joto, bila mionzi wala kubana. Inatosha? — Wasomaji watatu, Nairobi

Haitoshi. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya mara kadhaa kwamba kamera ya joto haichukui nafasi ya mamografia. Haioni chembe za chokaa kabisa. Pesa hiyo ipelekeni kwenye ultrasaundi au mamografia.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya kijijini. Mnaongelea 3D, sisi mamografia ya kawaida iko safari ya siku nzima. Tufanye nini? — Msomaji, Mkoa wa Ruvuma

Dada, barua yako ilistahili kuwa ya kwanza. Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri nchi zenye mfumo dhaifu wa afya zianze na mamografia ya watu wote. Hushauri kuwawahi wenye dalili, na limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Mashine ya pande tatu haimsaidii mwanamke ambaye uvimbe wake ulionekana Januari na sindano ikachomwa Novemba.

Mkono wako ndio chombo. Mgonjwa akae, mikono chini, kisha juu, kisha kiunoni akibana: tazama ngozi iliyovutwa ndani, chuchu iliyogeuka, ngozi kama ganda la chungwa. Akilala, mkono mmoja kichwani, tumia matumbo ya vidole vitatu vya kati, si ncha. Pita mistari ya juu na chini kama anayelima matuta, kutoka kwapani hadi mfupa wa kifua, na kutoka mtulinga hadi mkunjo wa chini ya titi. Kila hatua kanda mara tatu: juujuu, katikati, kisha hadi mbavu. Malizia kwapa na juu ya mtulinga. Titi moja lichukue angalau dakika tatu. Uvimbe mgumu, damu kwenye chuchu, tezi ngumu kwapani, au dalili mojawapo ya ngozi: mpe rufaa siku hiyohiyo na uandike namba ya simu ya ndugu wa kumfuatilia.

Kama hospitali yenu ya wilaya inachukua vinyama, hapo ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya. Kinyama kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, ya asilimia 10 iliyotulizwa asidi, ndani ya saa 1, si kwenye maji ya chumvi, si kwenye spiriti. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikicheleweshwa, maabara huweza kuona saratani lakini ikashindwa kupima homoni kwa usahihi, na mgonjwa ambaye angesaidiwa na tamoksifeni, vidonge vya kuizuia homoni, akaandikiwa kwamba havimfai. Juu ya chupa andika saa mbili: saa kilipotolewa mwilini, na saa kilipoingia kwenye dawa.